Jina Alilotunziwa Mwenyewe

Mtoto aliita "Mama!" na sauti ikaitika "Abee!" kabla fundi hajafungua mdomo.

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sebuleni, kati ya vipande vya vitambaa. Jua lilikuwa linazama. Alikuwa amefunga mlango, kashusha pazia, kamshika mtoto mabega na kumwambia, "Leo usiniite shangazi. Niite mama. Mara moja tu, nisikie raha yake." Mtoto wa watu akatii. Na jibu likatoka chumba cha nyuma, ambako hapakuwa na mtu, kwa sauti laini ya mwanamke aliyekuwa akingoja kuitwa.

Sasa neno hilo lilikuwa limekatazwa nyumbani humo. Afisa ustawi wa jamii, mama mnene mpenda mizaha, alilikataza siku ileile alipomleta mtoto. "Dada yangu, wewe ni mlezi wa muda. Sheria inataka mtoto arudi kwao pakiwa salama. Mama yake yuko hospitali, anapona. Wewe utaitwa shangazi. Jina la mama tunamtunzia mwenyewe." Fundi akasema sawa, sawa, kama tunavyosema sote mbele ya watu wa ofisi. Moyoni alikuwa anaungua. Mumewe alimwacha kwa kukosa mtoto. Kawashonea sare watoto wa mtaa mzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwake. Huyu kalala kifuani pake na homa, kafundishwa naye kufunga kamba za viatu, halafu kila akipanda kitandani anauliza, "Mama anakuja lini?" Jamani! Kumwonea wivu mgonjwa aliyelala wodini ni aibu, na fundi aliijua aibu hiyo, na wivu ukabaki palepale.

"Nani kaitika?" alinong'ona.

"Mama," mtoto akasema, akikitabasamia chumba cha nyuma.

Ikaanza harufu, maziwa yaliyochacha, hata baada ya kupiga deki nyumba nzima. Kisha cherehani. Asubuhi moja alirudi kutoka dukani akakuta kanyagio linapanda na kushuka peke yake, na mezani kuna gauni la mtoto, la kitambaa alichokikata yeye jana. Akaligeuza ndani nje. Mshono umenyooka, upindo mwembamba, hakuna uzi uliochomoza. Mwingine angekimbia akipiga mayowe. Fundi wetu alisimama pale akiumwa na kijicho, maana tangu aanze kazi hajawahi kushona hivyo.

"Mama kanishonea," mtoto akasema.

"Mama yupi?"

"Wa nyuma."

Fundi akachukua wembe akalifumua gauni lote, uzi kwa uzi. Kesho yake akakuta nguo zote alizomshonea mtoto tangu aje zimefumuliwa na kukunjwa vizuri juu ya kiti. Alaa! Kumbe wivu umekutana na mwenzake.

Mtoto akaanza kukataa chakula. Alikuwa anasukuma sahani na kusema, "Nimeshiba, shangazi, nimenyonya." Mashavu yakabonyea, shingo ikawa nyembamba, na jioni moja fundi alipokuwa akimtafuta kwa ajili ya kuoga alisikia mtu akibembeleza kule nyuma, taratibu, kwa wimbo usio na maneno, akasogea akipapasa ukuta, harufu ya maziwa ikamjaa puani na kooni, akaweka jicho kwenye upenyo wa pazia la mlango akamwona mtoto amekaa kitandani, kichwa amekiegemeza mahali pasipo na kitu, na godoro pembeni yake limedidimia kwa uzito wa mtu mzima, na mdomo wa mtoto unanyonya hewa, unanyonya na kumeza, macho kayafumba kwa raha ambayo fundi hajawahi kumpa.

Alimnyakua, akatoka naye mbio bila viatu.

Mganga alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la kuchaji simu. Alimtazama mtoto, kisha fundi, akasonya.

"Umemwita mwenyewe, mama."

"Mimi nimwite jini? Mimi?"

"Umechukua jina la mtu ukamwambia mtoto aliite ukiwa umefunga mlango. Mwenyewe hayupo, na wewe halikuwa lako. Yule alikuwa anapita, kasikia, kaitika. Nao wana wivu kutuzidi." Akashusha sauti. "Mlete aliyezaa. Mtoto amwite, aitike. Mwenye jina akiitika, mtoto anafunguka. Lakini wewe funga mdomo! Ukiitika na wewe, mtoto atakwenda salama, ila yule atabaki kwako, naye atakuita wewe mama."

Ungedhani alimpigia simu afisa palepale. Wapi! Alikaa nayo mkononi siku nzima, akiwaza kwamba akipiga anampoteza mtoto, na asipopiga anamzika. Mtoto alipodondoka akielekea mlangoni, miguu imelegea, ndipo akapiga.

"Nilikuwa nakutafuta mimi," afisa akacheka. "Katoka wodini, ana afya, na hakimu ameturuhusu. Kesho mchana tunakuja."

Wakaja. Mama mtu alikuwa mwembamba, kitambaa kichwani. Mtoto alisimama katikati ya sebule. Nyuma pazia la chumba likaanza kuvuta pumzi, ndani, nje, ndani.

"Mwite," fundi akamwambia kwa shida.

"Mama!"

"Abee, mwanangu!" mama mtu akaitika huku akilia, akipiga magoti, mikono wazi, na mtoto akaachia kilio cha mtoto mwenye njaa, akaenda kwake mbio, "Mama, mama, mama," bila kugeuka nyuma, bila hata kwaheri. Fundi alimwona akikizika kichwa kwenye shingo ile. Wivu ukampanda kutoka tumboni kama moto wa mafuta. Mimi je? Nani kakesha naye?

"Abee!" akaropoka. "Abee, nipo hapa!"

Hakuna aliyemjali. Walidhani ni uchungu. Mtoto alikuwa tayari anaomba ndizi. Mama mtu akamshukuru mpaka akambusu mikono, wakatoka kwenda kwenye gari, na mtoto alikuwa anatafuna njia nzima.

Afisa akabaki kidogo mlangoni kumpa pole. "Umefanya kazi kubwa, dada. Ukipumzika, tutakuletea mwingine."

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa. Kisha akacheka, kicheko chembamba.

Afisa akageukia pazia. Mzaha ukamtoka usoni. Kazi yake haimruhusu kumsikia mtoto akapita. "Dada, huyo ni nani? Humu nilileta mmoja tu."

Fundi alikuwa ameshageukia chumba cha nyuma, kifua cha blauzi yake kimelowa, na harufu ya maziwa yaliyochacha sasa ilitoka kwake.

"Huyu ni wangu," akasema, akiliinua pazia. "Huyu hamna faili lake."