Mashine Inayocheua

Raudha aliinua macho kumkaribisha mteja mpya, na mwili ukamfa ganzi. Aliyevuta kiti mezani kwake, katikati ya kelele za Jumamosi mchana kwenye kasino ile ya Kinondoni, alikuwa Mfaume. Mfaume wake, fundi samani wa Keko, na shati la drafti lililopigwa pasi likanyooka.

Mfaume naye aliduwaa. Raudha alikuwa amemwambia anafanya kazi mapokezi, hotelini. Kumbe anagawa karata, kwa kizibao chekundu na tai ya kipepeo, nywele wazi. Mfaume hakuwahi kuziona nywele zile.

"Karibu, kaka," Raudha alisema.

"Ahsante, dada."

Wasingeweza kusema zaidi. Kamera ilikuwa juu yao, na msimamizi Albano alizunguka taratibu nyuma. Mfanyakazi akimgawia mpenzi wake karata, wote wawili huitwa wezi.

Mfaume alitoa bahasha ya kaki, akabadilisha fedha zote kuwa tokeni. Raudha aliitambua bahasha ile. Juzi tu alimpungia nayo akicheka: "Mahari hii, mpenzi! Bado kidogo mjomba wako aridhike."

Mikono michache tu ya mchezo, Raudha akaelewa. Karata ndogo zikitoka nyingi, Mfaume alipandisha dau. Zikitoka kubwa, alishusha. Alikuwa anahesabu. Zamani hesabu hiyo ilifaa, kwa kuwa karata zilizochezwa ziliwekwa kando: ndogo zikiisha, kubwa ndizo zilizobaki, nazo humfaa mchezaji. Lakini wiki hii meza ilipata mashine mpya. Kila mkono ukiisha, karata zilirudishwa humo humo, na mashine ikazichanganya bila kupumzika. Kila alichokihesabu Mfaume kilikuwa kimesharudi tumboni mwa mashine.

Tokeni zilipungua. Mfaume akafuta jasho, akazisukuma mbele zote zilizobaki.

 Akijifanya anatania, Raudha akaigusa mashine kwa kidole.

"Kaka, ng'ombe huyu humjui. Hamezi akalala. Anacheua."

Mfaume alikunja uso. "Unanifukuza, dada?"

"Mie nasema tu. Kila tonge analicheua."

Albano alisimama. "Raudha! Unamwambia nini mteja?"

 Raudha alizichukua karata za mkono uliopita, akazirudisha mashineni polepole, Mfaume akitazama. Akaziona zikimezwa. Uso ukambadilika. Akazivuta tokeni zake zote.

"Ananiambia nitafute mchinjaji, bosi," akasema, akaenda dirisha la fedha bila kugeuka.

Albano alimsogelea Raudha mpaka Raudha akaisikia pumzi yake. "Unamjua yule?"

Neno la kukana lilikuwa ulimini. Lakini aliona kwamba uongo mwingine ungemla mzima.

"Mchumba wangu."

"Vua tai. Acha kitambulisho. Na ushukuru siiti polisi."

Alitoka amejifunga mtandio wake. Simu ikaita; alikuwa Mfaume.

"Uko wapi?"

"Nje. Wamenifukuza. Mfaume, naogopa."

"Hawakufuati, mama. Nimeangalia."

"Nakuogopa wewe. Umeniona."

 Raudha alisikia honi zile zile mara mbili, barabarani na simuni, akajua Mfaume yuko karibu.

"Na wewe umeniona mie," Mfaume alisema, "nikitaka kukuoa kwa pesa ya kamari. Nani amsute mwenzake?"

"Zimebaki?"

"Nusu."

"Hizo ni za kazi gani?"

"Za makabati na vitanda. Halali tupu, mpenzi, na kucha zangu shahidi."

"Basi twende nazo hizo hizo. Leo."

"Leo? Mjomba atanitoa mbio!"

"Atatutoa wote. Nitamwambia na kazi niliyokuwa naifanya."

Mfaume alitokea ng'ambo ya barabara, simu bado sikioni, uso umempauka kuliko alivyokuwa mezani.

"Akikataa, Raudha?"

"Sijui."

Kweli hakujua. Walipofika nyumbani kwa mjomba, Temeke, sauti yake ilisikika ndani, kali, ikimgombeza mtu. Mfaume alirudi nyuma hatua moja. Raudha alimshika mkono, akavuta pumzi, akabisha hodi yeye.