Folda Iliyokataa Kufutika

Kila siku baada ya shule, Merveille alipitia kanisani kupangusa kompyuta ya kwaya na kuichaji. Kazi hiyo alipewa na Papa Evariste, fundi cherehani na kiongozi wa kwaya, na pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hapakuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aliyeringa kumzidi. Sharti lilikuwa moja tu: asiweke wala asiondoe kitu bila kuuliza.

Lakini mashine ina utamu wake, na marafiki wana filamu. Merveille alinakili moja, akanakili ya pili, na kabla mwezi haujaisha zilifika arobaini. Hakuuliza mtu.

Kwaya hiyo ilikuwa na desturi yake. Familia ikipata safari ya kuhamia ng'ambo, huimba pamoja na kwaya wimbo wa kuaga, na wimbo hurekodiwa ili sauti zibaki wenyewe wakienda. Jumapili ilikuwa zamu ya akina Kiza, waliokuwa wakiondoka Jumatatu. Siku ya Ijumaa Papa Evariste alipojaribu kurekodi, mashine ikaandika kwamba imejaa. Akamwomba Merveille atazame kuna nini.

Merveille alijua fika kuna nini. Ila filamu nyingine alikuwa hajazitazama, na moyo wa kuzifuta hakuwa nao. Akaona folda moja iliyoitwa “Zamani”, ambayo tangu aanze kazi hakuna aliyeifungua. Hata yeye hakuifungua. Akaitupa kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha akaamuru pipa limwagwe. Mashine ikajibu kwamba hana ruhusa. Akarudia mara tatu, akaizima, akaiwasha. Folda iling'ang'ania palepale, na nafasi haikuongezeka hata kidogo. Basi akamwambia Papa Evariste kwamba mashine ni mgonjwa.

Jumamosi asubuhi wawili hao wakaibeba mashine na kupanda kabaza, baiskeli ya kukodi, hadi barabara kuu, na kutoka hapo basi dogo hadi Area 25, Lilongwe, kwa Yaya Sabine. Huyu, aliyeitwa Yaya kwa maana ya dada mkubwa, alikuwa mwenyeji wa Bukavu, Kongo, kama wao, na kibanda chake cha kutengeneza kompyuta kilikuwa nyuma ya soko.

Yaya Sabine akaifungua mashine, akalitazama pipa. Aliwaeleza kwamba kitu kilichotupwa humo bado kipo na kinakula nafasi mpaka pipa limwagwe. Akabofya folda ile, na jina la mwenyewe likatokea: Aristote. Aristote ndiye aliyeitunza mashine hiyo zamani, naye alihamia ng'ambo miaka minne iliyopita.

“Aristote njo alifunga hii, isifutwe na mutu,” alisema Yaya Sabine. “Mi naweza kutoa kufuli. Nitoe, vyote vipotee?”

“Kama iko mu pipa, ni takataka,” alijibu Papa Evariste. “Toa tu, mwanangu. Kesho tuko na kazi.”

Kidole cha Yaya Sabine kikaenda kwenye kitufe. Mtu aliye mbali vile alikuwa ameilinda folda hii, na yeye aliyekabidhiwa mashine ndiye aliyeitupa.

“Papa, haiko takataka,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Ni mi njo niliitupa. Mashine imejazwa na mafilamu yangu. Nilikuwa na woga wa kukuambia.”

Yaya Sabine akairudisha folda mahali pake na kuifungua. Ilikuwa na nyimbo, za kuaga na nyinginezo. Akachagua mmoja, na sauti ya mwanamke ikajaa kibanda, nyororo, yenye kupanda bila kuchoka. Mpita njia mmoja alisimama mlangoni kusikiliza.

Papa Evariste akakaa chini. Ilikuwa sauti ya Mama Annuarite, mkewe, aliyezikwa Dzaleka miaka mitano nyuma. Alidhani sauti hiyo ilipotea pamoja na simu iliyoibwa. Aliusikiliza wimbo hadi mwisho, akaomba urudiwe.

Kisha Merveille mwenyewe akazitupa filamu zote arobaini na kulimwaga pipa. Safari hii mashine haikubisha.

Jumapili akina Kiza waliimba, na mashine ikarekodi mpaka neno la mwisho. Watu walipotawanyika, Papa Evariste akamkabidhi Merveille mashine kama kawaida.

“Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua,” alimwambia. “Ungenyamaza kidogo tu jana, ningemuzika Mama Annuarite mara ya pili, kwa mukono yangu. Kosa ukilisema mapema, mwanangu, bado linatengenezeka. Sasa funga ule wimbo wa akina Kiza kama Aristote alivyofunga.”

Merveille akaufunga, akahakikisha mara mbili.