Kamba ya Mzinga wa Mzee Obadia

Kamba ilikuwa na joto. Thadei aliisikia ikimpasha kiganja wakati anaikata, joto la kitu kilicho hai, na mtu mwenye akili zake angeiachia pale pale akanawe mikono. Lakini asubuhi ile Thadei hakuwa na akili, alikuwa na hasira tu.

Na tusimwonee, hasira alikuwa na haki nazo. Jumamosi ya harusi ya bintiye, saa mbili asubuhi, gari la kumpeleka Kasilda kanisani lilikuwa limezimika uani kwake, mjini Mpanda. Lilikuwa gari la kispoti, jekundu, la milango miwili, alilolileta kutoka Dar kwa mbwembwe zote, na majirani wakalibatiza jina la Kenge kwa jinsi lilivyoburuza tumbo kwenye makorongo ya mtaa. Alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba bibi harusi atapanda hilo na si jingine. Sasa betri imekufa. Alifungua boneti akaitafuta nusu saa nzima, hakuiona. Kumbe waliolitengeneza waliificha nyuma, ndani ya buti, chini ya zulia, kama mali ya wizi! Akaichomoa huku spana ikimchuna vidole. Akaweka mpya, ikapwaya. Ilikuwa ndogo kuliko mahali pake, na kibano cha kuishikilia hakikuifikia.

"Sasa na wewe unataka nini?" akaifokea, na macho yake yakaangukia mzinga barazani.

Ulikuwa mzinga wa gogo wa Mzee Obadia, baba wa mkewe Restituta, mrina asali wa Inyonga. Mzee alikuja kutibiwa Mpanda na mzinga wake mmoja hakutaka kuuacha nyuma. Alifia chumba cha uani miezi mitatu iliyopita, na mzinga ukabaki unaning'inia kwenye boriti ya baraza kwa kamba yake ya gome la mti. Katika ukoo wao, kamba ya mzinga wa marehemu haikatwi mpaka mrithi asimame mbele yake na kutaja jina lake mwenyewe. Mrithi alikuwa Zakayo, kaka yake Restituta, na siku hiyo alikuwa kwenye basi anakuja. Thadei alishaambiwa hayo, tena mara mbili. Hata hivyo aliuteremsha mzinga chini, akakata kamba, akaifunga betri kwa mafundo matatu.

"Kasilda! Njoo uwashe, mimi nachungulia huku nyuma."

Kasilda alikuja na gauni lake jeupe, shela begani. Akaingia, akafunga mlango ili vumbi lisimchafue, akazungusha ufunguo. Gari likanguruma mara moja. Thadei akacheka kwa sauti, kicheko chake cha kwanza tangu alfajiri.

Kisha injini ikazimika yenyewe. Vioo vikapanda. Loki za milango zikashuka zote kwa pamoja.

"Baba," Kasilda aliita kutoka ndani, sauti ndogo. "Mbona kuna moshi humu?"

Hapakuwa na moshi wa kuonekana. Lakini Thadei naye aliusikia ukitokea kwenye buti, harufu ya majani mabichi yanayoungua, moshi wa kufukuzia nyuki. Akavuta mlango, haukufunguka. Akavuta wa pili. Akakimbilia buti kufungua kamba, mafundo yakazidi kukaza kila alipoyagusa, basi akashika spana akalegeza vichwa vya betri vyote viwili akavitupa pembeni, na gari lisilo na umeme wowote likaendelea kuwasha indiketa, kushoto, kulia, taratibu, na kutoka kwenye spika zake ukaanza mvumo wa nyuki, wengi, waliokasirika, na katikati ya mvumo huo mtu akakohoa mara tatu.

Thadei alikijua kikohozi kile. Mzee Obadia hakuwahi hata siku moja kumwita kwa jina. Alimwita Mkwe, na kabla ya kumwita alikohoa hivyo hivyo, mara tatu, akatema mate kushoto.

Restituta alitoka jikoni mbio, akaona mzinga sakafuni. Akashika mdomo.

"Baba Kasilda," alinong'ona, "umefanya nini?"

"Mpigie kaka yako!"

Akampigia, akaweka sauti ya juu. Zakayo aliposikia alipaza sauti, basi likinguruma nyuma yake.

"Shemeji, nisikilize. Asitaje mtu jina lake mwenyewe hapo. Mtu yeyote! Mimi wazee wameniandaa, nimekunywa dawa, nimeshinda ndani siku saba. Anayetaja jina ndo anambeba mzee. Asiyeandaliwa, mzee anamwingia na hatoki tena. Nisubirini, saa moja tu nafika."

"Saa moja? Na jua hili? Mtoto atakufa humu!"

"Mzee hamuui mjukuu wake. Subiri, shemeji, nakuomba."

Thadei aliokota jiwe akapiga kioo, jiwe likarudi likamgonga goti. Ndani Kasilda alikuwa analowa jasho, wanja ukimtiririka mashavuni, mikono miwili masikioni, na mvumo ukapanda mpaka vioo vikatetema, na Thadei akatazama saa, akatazama binti yake wa pekee akifungua mdomo kutafuta hewa, na kusubiri, jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kuliweza, kukamshinda tena.

"Taja jina lako, mama!" akapiga kelele, uso kwenye kioo. "Sema ni Kasilda! Sema mzinga ni wako!"

"Hapana!" Zakayo alilia kwenye simu. "Shemeji, hapana!"

Midomo ya Kasilda ikasogea.

Mvumo ukakatika. Loki zikainuka, mlango ukafunguka taratibu, na hewa ya moto yenye harufu ya asali ikawapiga usoni. Thadei alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea binti yake.

Alishuka polepole, akijishikilia mlangoni kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Alikohoa mara tatu. Akatema mate kushoto.

"Mkwe," alisema. "Haraka yote hii ya nini?"

Restituta alikaa chini pale pale, simu ikaanguka. Yule aliyevaa gauni la Kasilda akampita bila kumtazama, akauinua mzinga akauweka begani juu ya shela. Kwenye kona ya mtaa zikasikika honi za msafara wa bwana harusi, vigelegele, tarumbeta. Akasimama, akasikiliza, akamgeukia Thadei kwa upole.

"Watu wale," akauliza, "wanamtafuta nani?"