Moyo wa Chini ya Dungu

Nakiri kosa langu kwanza. Swaumu alipopewa simu ya kusajili wajawazito, pamoja na kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto kinachotoa sauti kwenye simu hiyo, nilimwonea kijicho. Nyumba za wajawazito hao nilizizungukia mimi miaka sita, nikiwaandika kwa daftari.

"Haya, daktari wa simu," nilimwambia alipopita kwenda shambani kumpima Habiba, aliyekwisha kuharibikiwa na mimba mbili. Sikumwombea heri.

Aliporudi akanisimulia. Mungu anisamehe, hata hofu yake niliionea wivu.

Wingu la mvua lilitanda, na juu ya dungu la kulindia mpunga, lililosimama kwa nguzo, palikuwa giza. Alimwekea Habiba kifaa tumboni. Kimya. Akakisogeza kushoto, kulia. Kimya.

"Vipi, dada?"

"Tulia, mdogo wangu. Natafuta."

Kifaa kikamponyoka, kikaangukia sakafu ya fito. Hapo simu ikaanza kudunda, du-du, du-du.

"Alhamdulillahi, yupo," akasema Habiba, macho kayafumba.

Swaumu akachungulia kati ya fito. Chini palikuwa na maji matupu. Akakiinua kifaa, sauti ikakatika. Akakirudisha sakafuni, moyo ukadunda tena, na fito chini ya kiganja chake zilikuwa na vuguvugu kama ngozi.