Pakacha la Kupandisha Simu

Moelagi akitoka shule alianza na nguruwe. Aliwapasulia nazi, akawakemea wasigombane, kisha akafagia majani ya mshelisheli uwanjani. Kazi ya mwisho ndiyo aliyoipenda zaidi: kumshika mkono Bibi Aso na kupanda naye kilimani kutafuta mtandao.

Kijiji chetu cha Falelua, hapa kisiwani Savai'i, kimekaa bondeni, nyuma ya mgongo wa mawe meusi yaliyoachwa na volkano. Mtandao wa simu unapita juu ya vichwa vyetu bila kutusalimu. Ukitaka kuupata, huna budi kupanda mawe hayo, na ni makali, yanakula ndala na ngozi pia. Bibi Aso aliyapanda kila alasiri kwa sababu ya binti yake, mama yake Moelagi, aliyekuwa Nyuzilandi akichuma matofaa. Mama huyo alituma ujumbe wa sauti, na bibi alikuwa akiusikiliza pale pale juu ya mawe huku machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka.

Siku moja bibi aliteleza. Goti lilivimba likawa kama shelisheli.

"Basi tena," alisema, akiwa amejilaza mkekani. "Moelagi, mwambie mama yako nampenda. Mimi na kilima tumeshamalizana."

Maneno yale yalimkaa Moelagi rohoni. Bibi bila sauti ya mwanawe hakuwa bibi yule tunayemjua. Alikula kidogo, akaacha hata kututania sisi majirani, na kutania ndiko kulikokuwa kazi yake.

Jibu lilitoka mnazini. Sefo, binamu yake Moelagi, kijana wa mpira wa wavu na maneno mengi, alikuwa juu ya mnazi mrefu akiangua nazi. Mara simu yake ikaanza kulia mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe.

"Kumbe mtandao uko huku juu!" alipiga kelele Sefo. "Nyie endeleeni kuishi huko chini kwenye giza."

Moelagi aliutazama mnazi. "Bibi hawezi kupanda," alisema. "Lakini simu yake inaweza."

Sefo alicheka nusura aanguke. Hata hivyo alimfungia kapi la mbao kule kileleni, akapitisha kamba. Moelagi aliiweka simu ya bibi ndani ya bati la biskuti, akaifunika vizuri isipate mvua, akaivuta hadi juu. Aliposhusha, hakuna kilichoingia. Akajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Patupu.

"Simu yako haijui kupanda," alimtania Sefo.

"Simu inajua. Bati ndilo linaloizibia," alisema Moelagi, maana alikuwa amegundua kwamba hata redio ya babu ilinyamaza alipoiingiza ndani ya bati lile. Akalitupa bati, akakata kuti bichi, akasuka pakacha. Kusuka pakacha ni kitu ambacho mtoto wa Falelua anakijua kabla ya kujua kusoma. Akaifunga simu kwa mfuko wa plastiki, akaitia ndani, akavuta kamba.

Iliposhuka, sauti ya mama ilikuwa imo. Bibi aliisikiliza akiwa mkekani, goti juu ya mto, akairudia mpaka chaji ikaisha.

Habari kama hiyo haifichiki. Kesho yake akaja jirani na simu yake, akaja na mwingine, na mimi mwenyewe nilikwenda na yai mkononi, kwa sababu Moelagi alikuwa tayari ameandika kwenye kipande cha mbao: SIMU INAPANDA, MAJIBU YANASHUKA. NAULI: YAI AU GIMBI. Watu tulicheka, lakini tulilipa. Mtoto yule alikuwa na kichwa cha biashara, na ukichelewa alikuambia wazi usubiri zamu yako.

Kulikuwa na sharti moja tu, na alilitoa Babu Leasi, babu yake, ambaye ni mmoja wa machifu wetu. "Baragumu likilia, pakacha liwe chini," alisema. "Sitaki simu ije ihubiri wakati wa sala."

Kwetu jioni Mzee Tuiloma hupuliza baragumu lake la gamba la kome, na kila mtu huingia ndani kwa sala ya nyumbani. Hakuna kutembea, hakuna kelele. Vijana wa zamu husimama barabarani wakiwa na fimbo, na hata gari la mgeni husimamishwa. Baragumu likilia tena, maisha yanaendelea.

Jumamosi ile wateja walikuwa wengi. Jua lilikuwa limeshainama, na Moelagi alikuwa anakunja kamba, Sefo alipokuja mbio kutoka uwanjani.

"Dada, moja tu. Nangoja jibu la timu ya Salailua."

"Baragumu linakaribia."

"Linakaribia, halijalia. Nakupa mayai mawili."

Moelagi aliangalia jua, akaangalia mayai. Akavuta kamba. Simu ilikuwa haijafika kileleni vizuri baragumu likalia, na kwa kuwa ukisikia baragumu miguu inaenda yenyewe, aliifunga kamba akakimbilia ndani.

Tulikuwa katikati ya sala, kijiji kizima kimya, unasikia mbu. Ndipo nguruwe akaanza kupiga mayowe angani.

Huo ndio ulikuwa mlio wa simu ya Sefo: nguruwe anayekimbizwa. Rafiki yake wa Salailua alipiga, akakosa kujibiwa, akapiga tena. Vijana wa zamu walikimbia huku na huku na fimbo zao wakimtafuta huyo nguruwe, mmoja akaingia hadi kwenye magimbi ya mchungaji. Watoto walicheka, wakapigwa vikofi, wakacheka tena. Moelagi alibaki mkekani. Kutoka nje kulishusha pakacha kungekuwa kosa juu ya kosa. Nguruwe alilia mpaka baragumu la pili.

Babu Leasi alikunja mkeka wake taratibu. Yeye akikasirika haongezi sauti, anaipunguza.

"Moelagi, kwa nini simu ilikuwa juu?"

Jibu la kweli alikuwa nalo. Lakini alimwona bibi pembeni, ameishika simu yake kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na mdomo ukasema jambo lingine. "Kamba ilikwama, babu. Nilivuta, haikushuka."

"Kapi alilifunga nani?"

"Sefo."

"Haya," alisema babu. "Jumatatu nitalieleza baraza hivyo."

Jumapili baada ya ibada tulikula chakula cha tanuri la mawe kama kawaida, lakini Moelagi alikuwa akiligeuzageuza gimbi lake tu. Sefo alikuja kukaa karibu naye. Kijiji kizima kilikuwa kimemlilia mlio wa nguruwe tangu asubuhi, na safari hii hakuwa na utani wowote.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilidhani nimelikaza lile kapi. Kesho nitawaambia wazee kosa ni langu. Wakinipa barabara nzima nifyeke, nitafyeka. Wasikuondolee pakacha lako tu."

Moelagi alitaka ardhi ipasuke. Kulinda pakacha ni kweli alitaka, lakini si kwa mgongo wa Sefo, ambaye kapi lake halikuwa na kasoro hata chembe.

Jumatatu asubuhi Babu Leasi alikuwa akifunga msuli wake mzuri wa barazani. Moelagi alikaa chini mbele yake, kama mtu anayeomba radhi anavyokaa.

"Babu, kamba haikukwama."

Babu aliendelea kukaza fundo.

"Sefo alinipa mayai mawili. Niliona jua limeinama, nikajiambia moja zaidi haiharibu kitu. Halafu nikaogopa watamnyima bibi sauti ya mama, nikasema uongo."

"Na mimi ningeusema uongo huo mbele ya machifu wenzangu," alisema babu kwa sauti ya chini kabisa. "Kwa mdomo huu huu."

"Ndiyo, babu. Nakuomba usiuseme."

Babu akachukua fimbo yake akatoka.

Babu alilieleza baraza kweli yote, nalo halikuchelewa. Familia ya Babu Leasi ilitozwa katoni za samaki wa kopo, na yeye akakubali bila kubishana, jambo lililomuuma Moelagi kuliko kuchapwa. Sefo alipewa barabara ya kufyeka kwa kumshawishi mwenzake na kwa mlio wa nguruwe wake. Kuhusu pakacha, chifu mmoja alisema, "Lishushwe. Lisipande tena mpaka litakapojifunza kulisikia baragumu." Wazee wakaangua kicheko.

Babu aliporudi na maneno hayo, Bibi Aso aliinamisha kichwa. Moelagi hakuinamisha.

"Walisema mpaka litakapolisikia?" aliuliza.

"Walikuwa wanatania, mwanangu."

"Lakini walisema."

Tangu siku ile ungemkuta kila alasiri amechuchumaa mbele ya nyumba ya Mzee Tuiloma. Mzee huyo ni mkali kwa watoto, na baragumu lake linaning'inia kwenye kigingi cha nguzo ya mbele, hakuna anayeligusa. Kando ya nyumba yake upo mnazi mrefu kuliko wa kina Moelagi.

"Unatafuta nini hapa?" alimfokea.

"Shikamoo, mzee. Naomba kufunga kamba yangu kwenye baragumu lako."

"Umepata wazimu?"

"Kamba ikiwa imezungushwa kwenye baragumu, huwezi kulipuliza mpaka uitoe. Ukiitoa, pakacha linashuka. Mimi nikisahau, wewe husahau. Hujawahi kusahau hata siku moja."

Mzee Tuiloma alikuna kidevu. Sifa ile ilikuwa ya kweli, na mtu anayezijua sifa zako za kweli ni vigumu kumfukuza. "Ukilivunja baragumu langu," alisema, "utakuwa wewe ndiye baragumu."

Kazi haikuwa nyepesi. Sefo, mikono imejaa malengelenge ya kufyeka, alipanda akafunga kapi upya. Moelagi alitia gimbi ndani ya pakacha badala ya simu, akaachia kamba. Gimbi likashuka kwa kishindo likapasuka. Akafunga mfuko wa mchanga upande wa pili wa kamba ili uvute kinyume. Ukawa mzito mno, pakacha likabaki juu likimtazama. Akapunguza mchanga, akajaribu, akapunguza tena. Nguruwe wa nyumbani walinenepa kwa magimbi yaliyopasuka. Wenzake walipita wakimlilia mlio wa nguruwe, naye akawa anawaambia, "Sogeeni, mnanikingia jua."

Hatimaye pakacha likashuka polepole, likatua majanini bila hata kuinama.

Machifu waliitwa waje kutazama kabla ya saa ya sala. Moelagi aliomba simu moja tu ipande, ya bibi, na bibi mwenyewe akaletwa kwa toroli la Sefo. Simu ikapanda. Sisi tukangoja, jua likainama. Hakuna aliyegusa kamba, wala Moelagi hakusema neno. Mzee Tuiloma alitoka nyumbani kwake kama jioni zote, akaitoa kamba kwenye baragumu, na pakacha likaanza kushuka lenyewe. Alisubiri, baragumu mkononi, mpaka lilipogusa ardhi.

"Limesikia," alisema yule chifu aliyetania, na safari hii hakucheka. "Liacheni lipande."

Moelagi alimpa bibi simu. Ujumbe ulikuwa umeingia. Tuliusikiliza sote, Mzee Tuiloma akiwa amelisogeza baragumu mbali na mdomo ili asitukatize.

"Mama," ilisema sauti, "msimu umeongezwa, sitakuja mwezi huu. Usilie. Mwambie Moelagi asichoke na pakacha lake. Nikisikia unanitania kutoka huko, naweza kuyachuma matofaa ya Nyuzilandi yote."

Bibi Aso alifuta uso kwa kitambaa. "Msikieni," alisema. "Hata mti wa nyumbani ulimshinda kupanda." Tukajua bibi wetu amerudi.

Babu Leasi alimshika Moelagi begani.

"Ungeshikilia kwamba kamba ilikwama," alimwambia, "leo tungekuwa tumenunua kamba mpya, na jioni moja nguruwe angelia tena angani. Anayeficha kosa lake hutengeneza kitu kisicho kibovu. Uliposema kweli, ndipo ulipojua kitu cha kutengeneza."

"Na katoni za samaki, babu?"

"Hizo utanilipa kwa mayai," alisema babu. "Zima simu ya bibi yako. Mzee anasubiri."

Moelagi akaizima. Mzee Tuiloma akajaza kifua pumzi, akapuliza, nasi sote tukaingia ndani.