Madebe Kumi kwa Dakika

“Sijakuuliza kama ni salama. Nimekuuliza hewa inatoka wapi.”

Wakesho alikuwa amesimama katikati ya mashua, miguu ameitanua ili mawimbi yasimyumbishe, mikono kiunoni. Mbele yake Bwana Telemak, mhandisi mkuu wa kituo cha mbizi cha kisiwa cha Santa Odila, aliketi kwenye benchi na kikombe chake cha kahawa, mtulivu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Walikuwa wakibishana tangu nanga iliposhuka juu ya matumbawe. Kila mmoja alivaa kikalimani, kidude cha sikioni kilichogeuza lugha ya mwingine kuwa yake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia kwamba hakuelewa.

Nyuma yao wageni walikuwa wakiingia majini mmoja mmoja, bila mtungi wa hewa mgongoni. Kila mmoja alikuwa na kitu kimoja tu kisogoni, bapa, chenye ukubwa wa kiganja, kikiwa na mirija miwili myembamba iliyopita chini ya masikio hadi puani. Kituo kilikiita shavu, kwa sababu kilifanya kazi ya mashavu ya samaki: kilichuja oksijeni iliyomo ndani ya maji na kumpa mtu. Mgeni alizama saa nzima, akatembea baina ya matumbawe kama yuko sokoni, kisha akatoka anatabasamu. Watu walisafiri kutoka kila bara la dunia kuja kulijaribu. Wakesho na binti yake Mghoi walitoka Voi, baada ya kuchaguliwa kuwa wageni wa majaribio kwa juma moja. Hii ilikuwa siku yao ya tano.

Mghoi, mwenye miaka kumi na saba, aliketi ukingoni, shavu kisogoni, miguu ndani ya maji.

“Mama, wacha basi,” alisema. “Watu wanatuangalia.”

“Waangalie. Macho ni yao.”

Wakesho hakuwa mtu wa kutishwa na mitambo. Alikuwa na stashahada ya uhandisi, na kwa miaka ishirini alikuwa amesimamia kiwanda cha kujaza mitungi ya oksijeni ya hospitali. Tena alijifunza kupiga mbizi akiwa chuoni Mombasa, kwa mtungi, enzi ambazo mtu alibeba pumzi yake mgongoni na kuihesabu. Alilipenda shavu siku ya kwanza. Jana usiku ndipo alipolala akiligeuza kichwani, na hesabu ikakataa.

Alimweleza Telemak taratibu, kama anavyowaeleza vijana wapya kiwandani. Mtu anayeogelea hutumia takriban lita moja ya oksijeni kila dakika. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto ina oksijeni isiyojaza hata kijiko kidogo cha chai. Kwa hiyo, ili mwanawe apumue, maji mengi mno lazima yapite ndani ya kile kidude kila dakika, maji kama…

“Madebe kumi,” alisema Telemak.

Kikalimani hakikusema neno. Mtu huyu alilitamka kwa kinywa chake mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla yeye hajalitaja.

“Nani amekufundisha debe?”

Telemak alitazama ndani ya kikombe. Alisema wageni humfundisha maneno mengi. Kisha akaja na pendekezo, na lilikuwa pendekezo la maana: leo wafunge kipimo kwenye shavu la Wakesho, azame kama kawaida, na jioni wakae na hesabu mezani, wawili tu. Kama hataridhika, yeye na Mghoi wataondoka kesho.

Wakesho alikaribia kukubali. Mtu anayekuambia tupime, unamkataliaje?

Mghoi alikuwa amechoka kusubiri. Alipunga mkono, akavuta miwani ya maji usoni na kugeuka ili ajiangushe. Kwa muda huo mfupi mama yake alikiona kichwa chake kwa nyuma. Alimsuka mwenyewe usiku wa kuamkia safari, mistari imekazwa mpaka mtoto akalalamika. Sasa nywele mpya zilikuwa zimeota chini ya mistari, upana wa ukucha wa kidole kidogo, na suko lilikuwa limelegea lote. Maji ya chumvi, Wakesho alijiambia. Mghoi akazama. Roboti bapa kama samaki taa, mlinzi aliyepewa kila mgeni, likateleza nyuma yake, wakapotea wote wawili kwenye samawati.

“Klotilda,” Wakesho alimwita nahodha, “nipe karatasi zangu kwanza.”

Hiyo ilikuwa kawaida aliyokuja nayo kutoka kwao. Mbizi haihesabiki mpaka iandikwe, kina na dakika, na mwenzako atie saini. Kituo kiliweka kila kitu kwenye bangili ya mkononi, lakini Wakesho hakuamini bangili. Siku ya kwanza aliomba penseli na karatasi za plastiki zisizolowa, na Klotilda, mwanamke wa kisiwani mwenye maneno machache, akawa anampa moja kila walipotoka majini na kuihifadhi sandukuni.

Telemak alisema hakuna haja, vipimo vyote viko kwenye bangili. Klotilda alimtazama. Kisha akayatazama maji pale Mghoi alipozamia, akafungua sanduku la usukani na kumpa Wakesho faili.

Lilikuwa zito. Alitarajia karatasi nne.

Alihesabu kwa kidole gumba, haraka, kama anavyohesabu risiti za mitungi. Kumi na tisa. Akarudia. Kumi na tisa. Mwandiko ulikuwa wake, herufi zilizolala, namba saba zenye mstari katikati. Nne za mwanzo alizikumbuka vizuri: kasa, ukuta wa matumbawe, mkondo wa baridi. Ya tano hakuikumbuka. Akafungua ya sita.

*Mita kumi na nane. Dakika arobaini. Asubuhi nimegombana na Telemak kuhusu hewa. Nimemweleza madebe kumi. Hajui debe ni nini, nimemchorea.*

Ya tisa. *Nimegombana na Telemak. Amesema tupime leo, jioni tukae na hesabu. Nimekubali.*

Ya kumi na tatu. *Nimegombana na Telemak. Amesema tupime leo. Nimekubali.*

Ya kumi na saba ilisema hivyo hivyo.

Aliketi sakafuni pale alipokuwa. Jua lilikuwa lile lile. Mgeni mmoja alikuwa akicheka huko nyuma. Usiku aliodhani ni wa jana, alipolala akipiga hesabu kwa mara ya kwanza, kumbe ulipita zamani. Mtu aliyekaa mbele yake na kahawa alikuwa ameusikia ugomvi huu wote, anajua mwanzo wake, katikati yake na neno la kuufunga.

Ndipo akaona saini za Mghoi.

Kwenye karatasi za mwanzo ilikuwa saini ambayo binti aliifanyia mazoezi mwaka mzima nyuma ya madaftari, jina lake na la baba yake, yenye mkia mrefu wa kujivunia. Kwenye ya kumi mkia haukuwepo. Kwenye ya kumi na nne lilibaki jina moja, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Kwenye ya jana hapakuwa na jina. Palikuwa na mistari miwili iliyoinama, na penseli ilikandamizwa mpaka ikatoboa plastiki.

“Ni siku ya ngapi leo?” Wakesho aliuliza.

“Ya ishirini,” alijibu Klotilda.

“Tulikuja kwa siku saba.”

Telemak aliweka kikombe chini. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba siku ya tano Wakesho mwenyewe alitia saini ya kuongeza muda hadi siku sitini. Alikuwa mchangamfu sana siku hiyo. Na kuhusu hewa, alisema, hesabu yake ni sahihi na imekuwa sahihi kila asubuhi. Hakuna kidude cha ukubwa huo kinachoweza kupitisha madebe kumi kwa dakika. Shavu hutoa oksijeni ya debe moja na kitu. Kinachobaki hukifidia kwa njia nyingine: linautuliza mwili mpaka uombe hewa kidogo. Siku nne za kwanza wanaliweka kwenye nguvu ndogo ili mtu azoee, tena wanamwongezea kwa kichupa cha oksijeni kilichofichwa ndani ya suti ya mbizi. Kuanzia ya tano, sehemu za ubongo zisizohitajika kwa kuogelea hulazwa usingizi.

“Ikiwemo kumbukumbu,” alisema Wakesho.

“Kumbukumbu ndiyo huchelewa kuamka. Ya siku hiyo mtu anayo mpaka alale. Asubuhi haipo.”

“Na huyu?” Aliinua karatasi ya jana. “Huyu amepoteza siku tu?”

Telemak aliitazama. Alisema vijana wanatofautiana. Alisema kisiwa hiki kinazama, bahari imekula mitaa miwili tangu yeye azaliwe, na wajukuu wa watu hawa watalazimika kuishi chini ya maji wapende wasipende. Lazima mtu aanze. Hakuna aliyekufa.

“Kaka yangu Anselmi alianza,” Klotilda alisema kutoka usukani. Alikuwa akiongea na Wakesho, si na mkubwa wake. “Misimu miwili. Alikuwa akifunga mafundo ya nanga gizani. Sasa namfunga kamba za viatu. Karatasi zako waliniambia nizichome.”

“Usingizi unaanza lini?”

“Dakika ya kumi na mbili.”

“Ameingia lini?”

“Hii ni ya saba.”

Wakesho alimgeukia Telemak, akamwambia ampandishe mtoto. Kengele ya kumwita mgeni juu ilikuwa kwenye bangili ya mhandisi, na Telemak aliifunika kwa kiganja. Alisema kumkatiza sasa kutaharibu vipimo vya siku ishirini. Mbizi hii moja tu, alisema, kisha jioni wakae mezani.

Wakesho angemjibu nini ambacho hajakisikia? Kila asubuhi alikuwa amejibizana naye, na kila mara kujibizana kulikula dakika.

Alipiga magoti na kufungua kifuniko chini ya benchi, ambako kila mashua duniani huweka vifaa vya uokoaji. Ulikuwepo. Mtungi wa chuma, wa njano, rangi imebanduka, aina aliyoijaza maelfu kwa maelfu. Alifungua valvu, akasoma geji, mshale uko juu. Alinusa hewa. Safi. Akaubeba mgongoni, na Klotilda alikuwa tayari amefika akimkazia mikanda, akivuta kila kifungo mara mbili kama anavyopaswa mwenza wa mbizi, akimpa mapezi ya miguuni, akimfunga kiunoni mkanda wa uzito wa kumzamisha. Telemak alianza kusema juu ya mkataba. Hakuna aliyegeuka.

“Injini iwe inawaka nikipanda naye,” Wakesho alisema. “Haturudi kituoni.”

“Itawaka. Bandari ya kisiwa cha pili ni nusu saa.”

“Dakika?”

“Ya tisa.”

Wakesho alivuta zipu ya suti, akasukuma faili ndani, kifuani, karatasi zote kumi na tisa, akaifunga hadi shingoni. Aling'ata kipumulio, akavuta pumzi mbili na kusikia mtungi ukimjibu. Akashika miwani kwa kiganja, akajiangusha majini kwa mgongo.