Bastola Iliyofukizwa Ubani

Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2005, saa kumi na robo jioni. Hapo ndipo mambo yalipogeuka nyumbani kwa Mzee Makungu, mtaa wa nyuma ya Stratford Road, Sparkhill. Mwezi huo magharibi ya Birmingham humkuta mtu bado yuko dukani.

Mkewe, Jokha, alikuwa amemtuma nyama ya mbuzi na kotmiri. Vyote alivinunua. Lakini chini ya nyama, ndani ya mfuko uleule, palikuwa na bastola.

Alikabidhiwa nyuma ya mkahawa mmoja wa Balsall Heath, na mtu aliyefunika uso kwa skafu na kusema Kiswahili cha kuokoteza.

"Ni mpya?" Makungu alimuuliza.

"Mpya kwako, mzee. Kwani unakwenda kuolea?"

Makungu hakucheka. Tangu mwaka uliopita hakuwa mtu wa kucheka. Mwanawe wa pekee, Hafidh, alichomwa kisu kituo cha basi, Saltley. Aliyemchoma alijulikana. Mashahidi wakameza ndimi zao, mahakama ikamwachia, na sasa kijana yule alipita Stratford Road akitafuna kuku na kusalimiana na watu. Watu wakamwambia Makungu: subira, sheikh. Subira! Waliosema hivyo walirudi makwao wakawakuta watoto wao mezani.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, angemngojea kijana yule. Alikwisha kuapa.

Alipanda moja kwa moja hadi chumba cha Hafidh, akafunga mlango, akaitoa bastola.

Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Nzito kama mtoto aliyelala. Baridi ya chuma chake ilimpanda hadi kwenye meno. Na mpini wake... mpini ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba. Kidole cha mtu mwingine. Chake kikaingia palepale, kikatulia.

Akaipenda. Mungu amsamehe, aliipenda.

Tatizo lilikuwa harufu. Ilinuka mafuta ya cherehani, na Jokha ana pua. Akawasha mkaa kwenye chetezo, akatia ubani kama kila Alhamisi jioni, akaipitisha bastola juu ya moshi. Mdomo wake, kwa mazoea tu, ukasoma Fatiha ya marehemu.

Marehemu mama yake alimfundisha tangu utotoni: Alhamisi roho huja mlangoni kutafuta dua, kwa hiyo taja kwanza jina la unayemsomea. Usipotaja, atapokea yeyote aliye karibu.

Jioni ile hasira zilimjaa kifuani. Hakutaja jina.

Moshi ukasimama.

Haukupanda juu. Ulijipinda taratibu, ukateremka... ukaingia kwenye mdomo wa bastola. Wote. Kama mtu anayevuta pumzi.

"Baba Hafidh!" Jokha aliita kutoka jikoni. "Hao wageni wako watakunywa chai au kahawa?"

"Wageni gani?"

"Si hao waliopanda ngazi nyuma yako! Wazima, hata salamu hawana?"

Makungu alitazama nyuma. Kitanda cha mwanawe. Pazia. Hakuna mtu.

Lakini godoro lilikuwa limebonyea. Mahali patatu.

"Hafidh?" akanong'ona. "Mwanangu, ni wewe?"

"Hafidh hayumo humu." Sauti ilitoka mkononi mwake, nyembamba, ya msichana. "Tumo sisi."

"Nyinyi nani?"

"Tuliokutangulia kuijua."

Harufu ya damu mbichi ikajaa chumba. Haikuwa ya mbuzi.

"Umetusomea," sauti nyingine ikasema, nzito, ya mtu mzima. "Hajatokea mtu kutusomea. Sasa hapa ndipo kwetu. Na huyo wa kesho... naye atakuja kukaa."

"Wapi?"

"Humu. Kwenye kitanda hiki. Kila Alhamisi utakuwa ukimfukiza."

Makungu alitaka kupiga kelele, si kwa hofu. Kwa ghadhabu. Muuaji amchukulie mwanawe, kisha aje alale kwenye kitanda chake, anywe na dua yake! Alijaribu kuitupa ile bastola chini. Kidole gumba kikagoma. Kilikuwa kimebanwa kwenye lile shimo.

Mlango ukagongwa.

"Fungua, weye!"

Alifungua kwa mkono wa kushoto. Jokha aliona bastola. Aliona godoro. Hakulia. Alimtia mumewe kofi, kofi la mwaka mzima.

"Mimi nimezika mmoja! Umeniletea makaburi ya watu chumbani mwa mwanangu?"

"Haitoki, Jokha. Haitoki mkononi."

"Silaha haing'ang'anii mkono bila kiapo. Umemwapia nani kwayo?"

"Yule kijana. Kesho."

"Basi uvunje kiapo. Hapa hapa, nisikie."

Akatazama picha ya Hafidh ukutani. Hakuna neno lililowahi kumwuma kama hili.

"Simuui," alisema. "Namwachia Mungu. Lakini sijamsamehe. Mungu anisikie, sijamsamehe!"

Kidole kikaachia.

Walitoka pamoja, wakaenda mpaka kwenye mfereji mkubwa wa kupita mashua, Jokha amemshika mkono kama anayemvusha kipofu. Makungu aliirusha bastola kwa nguvu zake zote. Walisubiri kishindo cha maji.

Hawakukisikia.

Kijana yule bado anapita Stratford Road, na kila akipita, Makungu hukunja ngumi mpaka kucha zinamchoma. Bastola haikurudi. Lakini ngazi za nyumba ile hulia kila Alhamisi magharibi inapoingia, na godoro hubonyea mahali patatu. Ni nani, walikufaje, hakuna ajuaye. Jokha hawatilii chai. Humtaja mwanawe kwanza, kwa sauti, kisha mumewe huinua mikono:

Ewe Mola, mrehemu Hafidh bin Makungu, ulipanue kaburi lake na ulitie nuru. Na hawa tusiowajua majina, wewe unawajua. Warehemu, uwape pa kupumzika... pasiwe hapa. Amin.